Liva ya Gia Ikilegea: Somo la Uvunguni mwa Canter

Likizo ndefu iliyopita sikupata fildi katika kiwanda hata kimoja kati ya nilivyoomba. Nikarudi nyumbani Lushoto nikiwa mnyonge. Mjomba akanipokea, akanipa chai, kisha akanyoosha kidole uani: "Si unasoma mambo ya mashine? Mashine hiyo hapo."

Mashine yenyewe ni Canter ya tani 4, ya miaka ya tisini, inayoshusha kabichi, karoti na viazi hadi Dar es Salaam. Ndiyo iliyonilipia ada ya sekondari, na hata leo bumu likichelewa ndiyo inayonitumia hela ya kula. Ilikuwa na ugonjwa mmoja ambao kila mtu alishauzoea: liva ya gia ilikuwa imelegea. Gari likiwa limesimama, uliweza kuizungusha kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Dereva alikuwa na mtindo wake wa kuishikilia kwa mkono wa kushoto kila anaposhuka mlima.

Wiki mbili kabla sijafika, wakiwa na mzigo kwenye kona za kutoka Soni kwenda Mombo, namba 3 ikachomoka yenyewe. Aliyepita njia ile anajua kwamba lori lenye mzigo halishushwi kwa breki peke yake. Linashushwa kwa gia, injini ikilishikilia. Gia ikichomoka, injini haishiki tena kitu, na uzito wote unahamia kwenye breki ambazo tayari zina moto. Siku ile dereva aliwahi, akairudisha namba, wakafika. Lakini utingo aliniambia kwamba tangu hapo, wakifika Soni, huvua kandambili na kuvaa viatu. Sikumuuliza ni kwa nini.

Fundi wa pale mjini alishatoa hukumu: "Shusha gia boksi." Bei aliyotaja, pamoja na spea, ilikaribia ada yangu ya mwaka mzima. Mjomba akaomba siku chache za kufikiri. Mimi nilikuwa nimefaulu mtihani wa vipengele vya mashine mwaka wa pili, kwa hiyo nikaingia uvunguni na fundi nikijiamini. Akaniuliza, "Haya injinia, unaona nini?" Nikajibu, "Naona waya, mzee." Akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye chesisi.

Ninaandika makala haya kwa ajili ya wenzangu wanaoweza kuchora wenzo kwenye karatasi lakini hawajawahi kuushika ukiwa na grisi.

LIVA INAFANYA KAZI GANI

Katika malori ya zamani yenye pua mbele, liva mara nyingi imekaa juu ya gia boksi moja kwa moja, na ncha yake ya chini inagusa reli za ndani. Katika malori yasiyo na pua kama Canter, dereva amekaa juu ya injini na kichwa cha gari kinainuka, kwa hiyo liva iko mbali na gia boksi. Vinaunganishwa kwa fito au kwa kebo. Yetu ina kebo mbili.

Kebo ya kwanza ni ya kuchagua njia. Ukisukuma liva kushoto au kulia, kebo hii inachagua njia moja kati ya tatu: rivasi na 1, 2 na 3, au 4 na 5. Kebo ya pili ni ya kuingiza. Ukisukuma liva mbele au nyuma, inaingiza namba. Katika gari letu rivasi, 2 na 4 zinaingia kwa kusukuma mbele, na 1, 3 na 5 kwa kuvuta nyuma. Kumbuka mpangilio huo, kwa sababu ndio uliokuja kutupa jibu.

Liva yenyewe inaegemea kwenye tufe dogo la chuma lililokaa ndani ya kikombe cha nailoni. Chini ya tufe kuna ncha yenye pini inayovuta kebo. Kwenye gia boksi, kila kebo inaishia kwenye mkono mfupi wa chuma, nao umeshikwa kwa pini na bushi. Ganda la nje la kebo limebanwa na klipu huku na huku. Klipu ikilegea, ukivuta liva ganda nalo linatembea, na mvuto unapotea njiani.

Ndani ya gia boksi kuna uma unaosukuma pete yenye meno hadi ifunike meno ya gia. Pete ikifika mwisho, kigololi kinachosukumwa na springi kinatumbukia kwenye kitundu chake na kuishikilia pale. Ule mlio wa "tak" ambao dereva mzoefu anausikia mkononi ni kigololi hicho. Pete isipofika mwisho, kigololi hakitumbukii, na meno yanashikana kwa ncha tu. Kwenye tambarare inaweza kuvumilia. Kwenye mteremko, magurudumu yanapoisukuma injini, meno yaliyoshikana kwa ncha yanasukumana yenyewe mpaka yaachane.

HESABU YA WENZO, SAFARI HII KWA FAIDA

Kidato cha pili tulifundishwa kwamba wenzo unakuza nguvu. Mwalimu hakutilia mkazo upande wa pili, kwamba unakuza pia ulegevu.

Liva yetu ina milimita 420 kutoka kwenye tufe hadi kwenye kirungu, na milimita 70 kutoka kwenye tufe hadi kwenye pini ya chini. Uwiano ni 6 kwa 1. Nafasi ya milimita 1 kwenye pini inaonekana kama milimita 6 kwenye kiganja cha dereva. Tufe lenyewe likicheza ndani ya kikombe, hali ni mbaya zaidi: hapo liva inageukia kwenye pini ya chini, na kutoka pini hiyo hadi kirungu ni milimita 490. Gawanya kwa 70, unapata 7. Kila milimita ya tufe ni 7 mkononi.

Tulipima kwa rula ulegevu wa kirungu, mbele hadi nyuma, bila mkono wa gia boksi kutikisika: milimita 54. Kisha tukapima kiungo kimoja kimoja:

Tufe kwenye kikombe cha nailoni kilichopasuka lilicheza milimita 3. Mara 7, ni 21.
Pini ya juu ya kebo ilikuwa na nafasi ya milimita 2. Mara 6, ni 12.
Pini ya chini kwenye mkono wa gia boksi nayo milimita 2. Mara 6, ni 12.
Klipu ya ganda la kebo iliruhusu milimita 1.5. Mara 6, ni 9.

Jumlisha: 54. Nilihisi raha ambayo sijawahi kuipata kwenye testi yoyote. Hakuna kiungo kilichokuwa kibovu sana peke yake. Vilikuwa vinne, kila kimoja kikila kidogo, na liva ikijumlisha.

PIMA KABLA HUJAFUNGUA

Kabla ya yote, usalama. Tafuta sehemu tambarare, zima injini, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Usitegemee breki ya mkono peke yake. Katika Canter kama hii inashika shafti nyuma ya gia boksi, haishiki magurudumu, na wewe ndiye utakayekuwa umelala karibu na shafti hiyo. Ukiinua kichwa cha gari, hakikisha mhimili wake umejifunga, na usiingie chini yake kabla hujautikisa kwa mkono.

Hatua ya kwanza: weka liva huru, isukume kushoto na kulia. Usiogope ikitembea na kurudi yenyewe katikati. Zile ni springi za kuchagulia njia, na zimewekwa makusudi. Ulegevu wa kuutafuta ni ule usio na upinzani wowote, ambao mkono unatembea na hakuna kinachojibu.

Hatua ya pili inahitaji watu wawili. Mmoja yuko kwenye kiti, anasukuma liva polepole. Mwingine yuko chini, anaangalia mikono ya gia boksi. Liva ikitembea na mkono usitembee, mwendo umepotea katikati. Fuata kebo, gusa kila kiungo kwa kidole wakati mwenzako anasukuma. Kidole kinahisi nusu milimita ambayo jicho halioni.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoamua kesi yetu. Chomoa pini ya kebo kwenye mkono wa gia boksi, kisha uingize namba kwa mkono ukiwa chini. Ukisikia "tak" safi pande zote mbili, gia boksi inapokea. Kama hata kwa mkono haifiki au haishiki, shida iko ndani. Yetu ilifika, mbele na nyuma. Fundi akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, endelea."

KWA NINI NAMBA 3 NA SI NAMBA 2

Ulegevu peke yake haukutosha kueleza kwa nini 3 inachomoka na 2 haichomoki. Nikamuuliza dereva kama kuna namba nyingine iliyowahi kutoka. Akafikiri, akasema namba 5 nayo hutoka mara mojamoja kule tambarare, lakini yeye alidhani ameigusa kwa goti. Namba 3 na 5, zote za kuvuta nyuma.

Tukaangalia liva ikiwa huru. Haikusimama wima. Ililala nyuma kama milimita 20. Utingo akakumbuka kwamba miezi minane nyuma namba 2 ilikuwa inagoma kuingia, na fundi wa njiani akazungusha nati ya kebo "kuisaidia". Kumbe shida ya siku ile ilikuwa klachi isiyokata vizuri, iliyokuja kutolewa upepo baadaye. Klachi ikapona, nati ikabaki palepale.

Sasa hesabu ikakamilika. Ili pete ifike mwisho, kirungu kinahitaji kutembea milimita 72, ukiongeza nusu ya ulegevu, yaani 27: jumla 99. Kitako cha liva kinaruhusu milimita 110 kila upande kabla liva haijagonga ukingo. Lakini liva ilishalala nyuma 20, kwa hiyo nyuma ilibaki 90 tu. Pungufu milimita 9 kwenye kirungu, yaani 1.5 kwenye kebo. Dereva alikuwa anavuta mpaka inagonga, anadhani ni gia imeingia, kumbe ni chuma kimegonga chuma. Kule mbele kulikuwa na 130, nafasi ya kumwaga, ndiyo maana namba 2 haikuwahi kulalamika tena.

KUTENGENEZA

Tulianza juu, kwenye vitu vya bei ndogo.

Kikombe cha nailoni tulinunua kipya, kilipatikana Gerezani na kuja na basi. Ukikikosa kabisa, tafuta liva nzima ya mtumba kutoka gari lililochinjwa, lakini ikague tufe lake: likiwa na bapa upande mmoja, litakula kikombe kipya haraka. Safisha grisi yote ya zamani kwa mafuta ya taa. Grisi iliyochanganyika na vumbi ni msasa. Kifuko cha raba kinachofunika liva kilikuwa kimechanika, na hapo ndipo vumbi lilipopitia. Usifunge nailoni mpya chini ya raba iliyochanika.

Pini mbili zilikuwa zimelika upande mmoja. Bushi zake tulibadilisha. Tundu la mkono wa gia boksi lilikuwa limeshakuwa yai. Hapa vijana wengi hujaza kwa kuchomelea kisha wanatoboa upya kwa kukadiria. Sisi tulifungua mkono, tukaupeleka kwa fundi wa kukereza, akalipanua tundu liwe duara, akapigilia bushi ya brasi, akakereza pini mpya ya chuma kwa kipimo cha bushi. Nafasi iliyobaki haikuzidi milimita 0.2. Kabla ya kuufungua mkono, piga alama kwenye shafti na kwenye mkono wenyewe, ili urudi kwenye meno yaleyale. Nilisahau, fundi akanionesha alama aliyokuwa ameshaipiga kimyakimya.

Klipu ya ganda tuliweka mpya. Iliyokuwepo ilikuwa imefungwa kwa waya na kipande cha mpira wa tairi. Dawa hiyo inafaa kukufikisha gereji. Haifai kushushia mlima kwa miezi minane.

KUREKEBISHA UREFU WA KEBO

Hakikisha kwanza mkono wa gia boksi uko huru kabisa: usukume mbele, uvute nyuma, uusikie ukirudi katikati. Simamisha liva wima, mtu aishike. Sasa zungusha ncha ya kebo yenye nyuzi mpaka tundu lake litazamane na pini, na pini iingie yenyewe bila kusukumwa. Ukilazimika kuisukuma hata kidogo, umeshaipendelea namba moja na kuidhulumu nyingine. Kaza nati ya kufungia, weka kotapini mpya, usiirudie ya zamani.

Kisha pima mbele na nyuma. Namba ikiwa imeingia hadi mwisho, lazima ibaki nafasi kati ya liva na ukingo wa kitako, pande zote mbili, na zikaribiane. Yetu ulegevu ulishuka kutoka milimita 54 hadi 9, na nafasi ikabaki zaidi ya milimita 30 kila upande. Fanya hivyohivyo kwa kebo ya kuchagua njia. Mwisho inua na ushushe kichwa cha gari, uhakikishe kebo hazibanwi wala hazisuguani na kitu.

Jaribu namba zote injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwaka na klachi imekanyagwa, kisha barabarani bila mzigo. Anza tambarare, halafu kilima kidogo. Usianzie Soni.

TULICHOKIKUTA

Namba 5 ilitulia. Namba 1 ikawa tamu. Namba 3 ilikaa vizuri kwenye majaribio ya kwanza, nikatembea kifua mbele. Siku ya tatu tukapakia viazi nusu mzigo, tukashuka kilima kifupi ambacho chini yake kuna tambarare ndefu, fundi akiwa kwenye usukani. Alipoachia mafuta, liva ikasogea mbele polepole, kama mtu anayetaka kuondoka bila kuaga. Namba 3 ikatoka.

Nilitaka kubisha, lakini sikuwa na cha kubishia. Mwendo wote ulikuwa unafika, tumeupima. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ndani. Gia boksi ilishushwa, na tukaona: meno ya pete ya namba 3 yalikuwa yamelika pembeni, yamekuwa mteremko. Miezi minane ya kushikana kwa ncha iliyanoa hivyo, na meno ya namna hiyo yanajisukuma nje yenyewe hata pete ikifika mwisho. Namba 5 haikuharibika kiasi hicho kwa sababu haikutumika kushushia mlima.

Basi fundi alikuwa sahihi kwamba gia boksi ishuke, na mimi nilikuwa sahihi kwamba ugonjwa ulianzia juu. Tungebadilisha pete bila kugusa kebo, pete mpya ingenolewa vilevile. Tungetengeneza kebo na kuishia hapo, siku moja utingo angevihitaji vile viatu. Kwa kuwa kila kitu kingine kilishapimwa, tulinunua spea za namba 3 tu, na bei ikawa chini ya nusu ya ile ya mwanzo. Bado ilikuwa hela nyingi. Kikombe cha nailoni na klipu, miezi minane kabla, vingegharimu chini ya mlo wa watu watatu pale stendi.

Ndugu zangu wa uhandisi, nimetoka na mambo matatu. Usimwamini aliyezoea ubovu anapokwambia "ndivyo ilivyo": uliza umeanza lini na nani aligusa nini. Anza kupima kwenye mkono wa dereva, ushuke kiungo kwa kiungo, usifungue cha ghali kabla hujamaliza cha rahisi. Na fundi akikuita injinia kwa kejeli, itika, kisha umwombe akuoneshe. Mwisho wa likizo aliniuliza tena uvunguni, "Unaona nini?" Nikazitaja, moja moja, mpaka kotapini. Akasema, "Sasa umeanza kusoma."

Canter inashuka kila Jumanne na Ijumaa. Utingo siku hizi anapita Soni na kandambili zake.